Mdundo Uliokaa Kitako

Walid alipobonyeza kitufe cha mwisho kwenye kompyuta yake mpya na biti ikaanza kutoka kwenye spika, Dalila alijua palepale kwamba ni mbaya. Haikuwa na kosa hata moja, na huo ndio uliokuwa ubaya wake. Kila mdundo ulitua juu ya mstari wake, besi mahali pake na kofi la ngoma mahali pake, kama watoto wa chuoni waliotishiwa bakora.

"Umeona?" Walid akasema, akijisifu kabla ya kusifiwa. "Imenyooka."

"I-imenyooka," Dalila akakubali. "Ndiyo maana inachosha."

Dalila alikuwa fundi mitambo katika redio moja ya Moroni. Akirudi nyumbani Mvouni alikuwa prodyuza wa rapu, na hapana shaka bora kuliko wote kisiwani Ngazidja, ingawa wanaume waliokuwa wakiulizana nani kaunda biti zile hawakufikiri hata siku moja kumuuliza mwanamke. Yeye naye hakujitangaza. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na watu wa Moroni ni watu wema kwa mengi, lakini kumsubiri mtu amalize neno lake si moja ya mema yao. Watamalizia wao, tena vibaya. Kwa hiyo maneno alimwachia Walid, mtoto wa mama yake mdogo, kijana mwenye ulimi wa kuuza barafu kwa wavuvi, naye akabaki na mashine yake ya kuundia biti.

Kaseti yao ilikuwa imebakiza wimbo mmoja tu, wa mwisho. Nyimbo nyingine zote, zilizokuwa zimekwisha kupita mkono kwa mkono mjini, zilikuwa na kitu ambacho wasikilizaji walikipenda bila kukijua jina. Dereva wa teksi akiiweka kaseti alipunguza mwendo. Mtu aliyekuja na ugomvi alijikuta ameegemea ukuta. Watu walisema nyimbo zile zimekaa kitako, kama zile rapu za zamani ambazo vijana waliotoka Marseille walizileta mwanzoni mwa miaka ya tisini, kabla kila kitu hakijaanza kukimbia.

Na kwa nini zile za zamani zilikuwa zimekaa kitako? Hapo kila mtu alikuwa na fatwa yake. Walid alisema ni mashine mbovu tu, kumbukumbu ndogo, vipande vya santuri vilivyopunguzwa kasi kwa sababu hapakuwa na namna. Bwana Assoumani, mkuu wa vipindi pale redioni, alisema zamani watu hawakuwa na haraka, na alilisema hilo akiangalia saa. Dalila hakubishana na yeyote. Alirudi nyumbani akajaribu. Alipunguza kasi ya biti, ikawa ya usingizi. Alichukua mkwaruzo wa santuri kuukuu akautandaza chini ya ngoma, ikawa biti ileile yenye vumbi. Mwisho akachukua lile kofi na kulisogeza nyuma kidogo, unywele tu, kila lilipopiga. Nusura lifanye kazi. Halafu akagundua kwamba mdundo unaochelewa kila mara kwa kiasi kilekile haujachelewa. Umehamia nyumba nyingine, basi.

Alichokosa alikijua. Alikosa mikono ya Mariamou.

Mariamou alikuwa mtu wa Hombo, kule Mutsamudu katika kisiwa cha Nzwani, aliyekuja Moroni kusomea ukunga na kupanga chumba nyumbani kwa kina Dalila. Siku ya kwanza kuiona ile mashine yenye vibonyezo vya mpira aliicheka, akaomba kuijaribu, na tangu hapo Dalila hakumwomba mtu mwingine ampigie ngoma. Walifanya kazi jioni. Dalila akichagua sauti na kumsomea maneno ya Walid ili apate njia, Mariamou akipiga kwa vidole viwili, kichwa kimeinama. Mashine ilikuwa na kitufe cha kunyoosha midundo iliyopinda, na Mariamou alikuwa amekibandika plasta ya hospitali ili mtu asije akajisahau.

Kisha ukaja Aprili wa mwaka wa tisini na tisa. Nzwani ilikuwa imekwisha kutangaza kujitenga, wakubwa walikuwa wamekutana ng'ambo na kurudi bila mapatano, na vijana wa Moroni wakaamua kwamba kosa la wakubwa lilipwe na muuza vitunguu yeyote aliyezaliwa kisiwa cha pili. Wakapita ua kwa ua na fimbo, wakisaka watu wa Nzwani. "Kuna Mndzuani humu?"

Walifika Mvouni mama yake Dalila akiwa sokoni. Sasa, Ngazidja nyumba ni ya binti. Mwanamume huingia na kutoka, akioa huhamia kwa mkewe, lakini mlango ni wa mwanamke, na hata mhuni asiyejua kusali analijua hilo. Mwenye nyumba akisema mgeni wangu hatoki, hatoki, na atakayemtoa kwa nguvu ameuaibisha ukoo wake mzima. Dalila alisimama mlangoni. Sentensi moja ilitosha. Akaishika herufi ya kwanza, na hapo ikamganda. Vijana wakaanza kucheka. Naye bado alikuwa anasukuma, mishipa imemtoka shingoni, Mariamou alipompita ubavuni, mfuko mkononi, shiromani yake ameikunja ndani ili nguo ya kwao isimtambulishe njiani. Akateremka bandarini pamoja na wenzake waliofukuzwa.

Sentensi ile ilibaki kooni kwa Dalila miezi yote iliyofuata. Iliuma, na hasira yake kwa wale vijana iliuma, na aibu ikazidi vyote viwili.

Kwa hiyo baada ya Walid kuondoka na kompyuta yake iliyonyooka, Dalila aliifunga mashine na spika yake ndogo kwa kanga mbili, akaitia katika sanduku, akamwambia mama yake anakwenda Mutsamudu.

"Kufanya nini?" Mama Hassanati akashika kiuno. "Simu hazieleweki, wale watu wana bunduki, na wewe unabeba nyaya? Wakikuuliza utawajibu lini?"

"Ku-kutafuta mdundo."

"Midundo imeisha Ngazidja?"

"Huu umeisha," Dalila akasema. Mama yake akatambua sauti ile. Ndiyo aliyokuwa nayo mwanawe akiwa mtoto, alipokataa kusomewa Kurani na mwenzake na kuisoma mwenyewe mbele ya chuo kizima mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Akaenda kumfungia mikate.

Safari ya baharini haina la kusimuliwa ila kwamba alitapika na sanduku halikulowa. Bandarini Mutsamudu akapokewa na askari aliyejiita Combo, mwenye bunduki, kandambili na cheo alichojipa mwenyewe. Combo akafungua sanduku, akaziona nyaya na taa, macho yakamtoka.

"Hii ni mitambo ya jeshi la Moroni."

"Ni ngo-ngo-ngo..."

"Unaona? Anatafuta uongo."

Watu waliokuwa nyuma ya Dalila kwenye foleni wakasogea kando, kama inavyokuwa mtu akishikwa. Angeweza kulia, na ingekuwa haki yake. Badala yake akanyoosha kidole kwenye jenereta iliyokuwa ikiendesha taa za ofisi, akamtazama Combo mpaka yule askari akachomeka waya mwenyewe kwa udadisi. Dalila akatia disketi aliyonakilia biti ya Walid, akaipiga. Ikatoka kavu kwenye spika ndogo, tak, tak, tak. Combo akasikiliza kwa makini ya mkaguzi. Bega lake moja likajaribu kucheza, likashindwa.

"Hii ndiyo rapu yenu?" akasema. "Inapiga kwata."

"Nd-ndiyo maana nimekuja," Dalila akasema. "Kuitafutia dawa."

Combo akacheka mpaka bunduki ikamteremka begani. Akamwambia apite, serikali ya Moroni haina akili ya kuunda kitu cha namna hii, na meli inarudi kesho asubuhi, asiikose, maana ya baadaye anaijua Mungu.

Teksi ikampeleka Hombo na kumshusha chini ya hospitali, na kila aliyemuuliza nyumba ya Mariamou mkunga alimwonyesha. Mariamou alikuwa uani akichambua majani ya muhogo. Aliinua uso. Furaha ilimpita usoni, Dalila aliiona kwa macho yake, halafu akaizima kama mtu anayezima jiko.

"Karibu," akasema. "Ingia, ule. Mgeni kwetu hatolewi."

Neno hilo liliingia palepale lilipotumwa. Dalila akala. Palikuwa na wali, majani ya muhogo ya nazi na samaki wa chumvi, na alipewa kipande kikubwa kuliko wote, kwa sababu Mariamou alikuwa amekasirika, lakini hakuwa amekosa adabu. Bibi yake, Koko Kalathoumi, alikuwa amekaa kitandani mlangoni akivuta pumzi kwa mluzi. Alikuwa na pumu ya miaka mingi na dharau kwa kila dawa yake.

Baada ya kula Dalila akafungua sanduku na kueleza alichokuja kutaka. Ilimchukua muda.

"Hapana," Mariamou akasema.

"Wimbo m-mmoja tu."

"Mnataka mkono uvuke, mwenye mkono abaki. Hapana. Walid unasema kapata kompyuta, na aliniambia zamani kwamba ikija itanishinda. Iacheni inishinde." Akakusanya vyombo. "Leo nina maulidi kijijini Patsy na Koko. Wewe pumzika, asubuhi nitakupeleka melini."

Mtu mwingine angelala. Dalila alilibeba sanduku lake akapanda nao gari la Patsy, bila kualikwa, akakaa nyuma ya kina mama na magunia yao ya karafuu. Mariamou alimtazama mara moja tu, akatazama barabara.

Patsy kina mama walikuwa wamekwisha kujipanga mkekani, safu kwa safu za shiromani nyekundu na nyeupe, kila mmoja na tari lake mapajani. Koko Kalathoumi akawekwa katikati, kwa kuwa ndiye mwenye sauti ya kuanzisha. Akafumba macho, akavuta pumzi kwa ule mluzi wake, akaimba mstari wa kwanza. Sauti ilikuwa pana na ya kutetereka. Matari yakaitikia. Lakini hayakuitikia pale Dalila alipoyatarajia. Yalikaa hewani. Mikono yote ilisimama juu ya ngozi mpaka kifua cha bibi kilipoteremka, ndipo ikashuka, yote pamoja, imechelewa na imetulia. Mstari wa pili pumzi ilikuwa fupi, na kusubiri kukawa kufupi. Wa tatu bibi akakohoa katikati, matari yakangoja kikohozi kipite. Binti mmoja wa safu ya nyuma akajisahau akapiga mapema.

"Aliye na safari aende!" Koko akafoka bila kufumbua macho. "Mimi bado navuta pumzi!"

Wakacheka, wakaanza upya.

Dalila akasogea mpaka nyuma ya safu ya mwisho. Siku zote alikuwa ameutafuta uchelewaji ule ndani ya mashine, katika kasi ya santuri na ukubwa wa kumbukumbu. Huenda wale wazee wa rapu wa ng'ambo nao walikuwa na lao, kila mmoja na mtu wake aliyemlelea mkono, hakuyajua hayo. Lakini huu aliuelewa sasa. Mkono haukuwa umechelewa kwa uvivu wala kwa ujuzi wa kuchelewa. Ulikuwa unamsubiri mtu, na ndiyo maana kila mara ulisubiri kiasi chake. Akafurahi kama mtu aliyeokota pete, na kabla furaha haijatulia likamjia swali.

Aliliweka mpaka waliporudi Hombo, Koko amelazwa ndani, wao wawili wamebaki barazani na taa ya mafuta imewashwa, maana umeme ulikuwa wa mgao na zamu ya Hombo haijafika.

"Kule Mvouni," akasema, "ha-hapakuwa na Koko. Ulikuwa unamsubiri nani?"

Mariamou alikuwa anakunja shiromani. Mikono ikasimama.

"Ulidhani nani? Walid? Walid hata akisali anamtangulia imamu." Akaiweka nguo chini. "Nilikuwa nakusubiri wewe. Ulikuwa unanisomea maneno, na neno likikukwama mimi sipigi mpaka litoke. Likitoka, napiga. Hivyo tu, Dalila. Hapakuwa na ufundi mwingine."

Dalila akalitazama sanduku lake. Kumbe nyimbo zile zote ambazo madereva walipunguzia mwendo, kilichokuwa kikisikika ndani yake ni kigugumizi chake, kimesubiriwa na mtu. Machozi yakamjia, halafu nyuma ya machozi ikaja hasira, na akaiachia.

"Si-siku ile hukunisubiri."

Palepale Mariamou akainua uso, na Dalila akaona kwamba hilo ndilo jambo ambalo mwenzake alikuwa analikimbia tangu mchana, kwenye vyombo, kwenye gari, kwenye kila neno la adabu.

"Sikukusubiri," Mariamou akasema. "Niliogopa. Niliona unahangaika na neno, nikajiambia labda hata hataki kulisema. Ni rahisi kufikiri hivyo ukiwa na woga. Nimekuja na hasira hiyo mpaka hapa na nimeilisha vizuri." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ungesema nini?"

Dalila akafungua mdomo. Umeme ukarudi. Balbu ikawaka juu yao, redio ya jirani ikaanza kupiga kelele katikati ya habari, na ndani Koko akamshukuru Mungu kwa sauti na kuilaani kampuni ya umeme kwa sauti hiyohiyo.

Mariamou alikuwa wa kwanza kusimama. Alichomoa mashine kwenye kanga, akachomeka waya ukutani, akakaa mkekani, akaipakata. Vidole viwili vikatua juu ya mpira. Plasta ya kitufe ilikuwa imebanduka njiani, akakifunika kwa kidole gumba.

"Sema," akasema. "Si maneno ya Walid. Yale."

Dalila akabonyeza kurekodi. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio kuliko kompyuta ya mtu yeyote. Akasimama wima kama aliyesimama mlangoni, akaishika herufi ya kwanza.

"M-m-m..."

Mkono wa Mariamou ulikuwa juu, haukutikisika. Uani hapakuwa na mtu wa kucheka wala wa kumalizia.

"Mwenye nyumba ni mimi."

Besi ikashuka, nzito, mahali ambapo mashine yoyote isingepajua.

"Huyu ni m-m-mgeni wangu."

Kofi likaja nyuma ya neno kama mtu anayefunga mlango taratibu. Mariamou alikuwa analia, lakini mikono haikulia, ilibaki pale ikingoja.

"Na ha... na ha-ha-ha..."

Likakwama. Likakwama vibaya, kama Aprili, mishipa ikamtoka, na kwa kitambo Dalila aliona tena fimbo na meno ya wale vijana. Hakuiacha herufi. Aliisukuma kwa kifua chote. Na vidole vya Mariamou vikabaki hewani, muda ambao msikilizaji yeyote wa redio asingeuvumilia, mpaka neno likakatika likatoka.

"Hatoki!"

Ngoma ikashuka yote kwa pamoja. Mariamou hakusimama tena, akaizungusha, besi na kofi na sauti ndogo ya shaba juu yake, na Dalila akairudia sentensi yake, na kila mara ilikwama mahali pengine na kila mara ilisubiriwa. Walicheka na kulia pamoja bila kuvitenganisha. Biti ilikuwa pale. Imekaa kitako, imeegemea, haina habari na mtu.

Dalila akainama kuchukua disketi ya kuihifadhi, na umeme ukakatika.

Mashine zile zina tabia moja. Usichokihifadhi, zikizimika, hakikuwahi kuwepo. Wote wawili walilijua hilo. Wakakaa gizani, Dalila na disketi tupu mkononi.

"Meli yako ni asubuhi," Mariamou akasema.

"Naijua."

"Umeme unaweza usirudi kesho. Wala keshokutwa. Mafuta hakuna."

"Najua."

"Na baada ya hiyo, meli nyingine..."

Kutoka ndani Koko Kalathoumi akapaza sauti, amekereka kwa kuachwa nje ya maneno. "Nani anaondoka? Mbona mnaongea habari za meli usiku? Nani anaondoka nyumbani kwangu?"

Dalila akaiweka disketi juu ya mashine na kuifunika kwa kanga. Akavua viatu.

"Ha-ha-ha..." akaanza. Redio ya jirani ilikuwa imekufa, na nyumba nzima ilikuwa kimya, mjukuu mkekani na bibi kitandani, mpaka amalize. "Hakuna."